Kupika Bila Kuonja

Mateso yangu yalianza mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na mbili. Baba alikufa kule Mitwaba mwanzo wa mvua. Baada ya matanga wajomba waligawa mbuzi, wakagawa majembe, kisha wakaanza kuangaliana juu ya kunigawa mimi. Niliangukia Lubumbashi, kwa mujomba aliyekuwa fundi wa viatu mu Kamalondo. Nilifika juu ya lori, katikati ya magunia ya mihogo mikavu, na darasa la tatu mu kichwa. Darasa la ine sijalijua mpaka leo. Hii karatasi munayosoma naiandika mwenyewe, polepole. Mukikuta makosa, muyaruke sawa vile munaruka mashimo ya barabara, muendelee.

Nawaandikia ninyi munaobaki mu jiko la hekalu la Wahindi. Nimetoka mu ile kazi miezi miwili iliyopita, magoti yangu yalikataa. Mushahara sitauzungumzia, munaujua. Cheo sikuwa nacho: niliingia nikiitwa muosha sufuria, nikatoka nikiitwa Papa Kabamba, na hakuna aliyenipa karatasi ya kubadilisha. Lakini kuna ulizo moja nimeulizwa miaka makumi tatu na saba, ku parokia, ku hekalu, ku matanga, mpaka na polisi wa barabarani: «Papa Kabamba, uko Mukatoliki ao uliingia mu dini ya Wahindi?» Hata ninyi muliniuliza, mukicheka. Nitajibu, lakini nitapitia ku chumvi, juu mimi kila kitu nilijifunza kwa njia ile.

Nianze na bibi yangu, tuliyemuita Kambo. Kule Mitwaba, Kambo alisonga bukari, ule ugali wetu, akaweka mboga pembeni, na sisi watoto tulikaa kuzunguka na mate mu kinywa. Hakuna kugusa. Yeye alijipaka pemba, ule udongo mweupe, hapa katikati ya paji, akakata tonge ndogo, akaenda kuiweka mu kijumba cha majani nyuma ya nyumba, akaongea na wakubwa waliokufa sawa mutu anaongea na jirani. Kisha ndipo tulikula. Siku moja nililamba kidole mbele ya yeye kurudi. Alinipiga na mwiko wa bukari, moto vile ulivyokuwa. Na Kambo alikuwa amebatizwa, muangalie vizuri, jina lake Martha, na misa hakukosa. Nilimukasirikia siku mbili, kisha nikasahau. Kusahau ndiko kuliniletea matata, mutaona.

Katikati ya Kambo na hekalu kuna miaka kumi na ine ya kuchimba mitaro, kuuza makala ya kupikia na kupiga pasi kwa washonaji. Naipita, haina ladha. Mwaka 1988 nilisikia ku soko kama hekalu la Wahindi linatafuta mutu wa kuosha sufuria. Nilienda asubuhi na shati yangu ya misa. Ku mulango nilikuta mama muzee, mwembamba sawa ufagio, mu nguo nyeupe ya wajane wao, miguu wazi. Nilimusalimia mu Kifaransa juu ajue nimesoma. Akanijibu mu Kiswahili cha Lubumbashi safi kuliko changu, juu mimi nilikuwa bado na Kiluba mu meno:

— Acha Kifaransa, mutoto. Asubui umekula nini?

— Ndakala, Mama. Na bukari ya jana.

— Ndakala na kitunguu?

— Ndakala bila kitunguu ni nini, Mama?

— Enda oga.

Nilikuwa nimeoga. Niliona ni tusi, lakini tumbo haliruhusu mutu kukasirika asubuhi. Nikaoga ku robinet, bomba la maji la nyuma, nikarudi. Akaninusa, kweli, sawa mutu anayenunua samaki wa jana.

— Rudia.

Ile siku niliosha mwili mara tatu na sufuria mara moja. Jioni akaniambia nirudi kesho, lakini ndakala, wale samaki wetu wadogo, ibaki Kamalondo.

Ule mama wote walimuita Ba, kwao ni kusema Mama. Bwana yake alikuwa akiuza vitambaa, akafa, na yeye akabaki kusimamia jiko la hekalu. Aliyepika ni Maharaj, mutu wa ukoo wa makuhani wao, waliyemuleta toka India kwa ile kazi tu. Maharaj alikuwa na tumbo kubwa na maneno madogo. Miaka mitatu ya kwanza aliniambia neno moja: «Pembeni.» Na alikuwa na haki, juu mimi nilisimama kila mara mahali alipotaka kupita.

Sheria za lile jiko munazijua, lakini kwangu zilikuwa mupya. Viatu inje. Hakuna nyama, samaki, yai, kitunguu wala kitunguu saumu. Pahali pa kitunguu waliweka unga mumoja wa manjano unaoitwa hing, kiasi cha ncha ya kisu. Mu kopo unanuka sawa soksi ya askari, lakini ukiingia mu mafuta ya moto unageuka kitu kingine kabisa. Muke wangu Ngoie hakuamini. Shati zangu alizitundika inje miaka yote, na watoto wa mutaa waliniita Papa Hing.

Na sheria kubwa: hakuna kuonja. Chakula kinapikwa, kinapelekwa mbele ya sanamu, Maharaj anaweka juu yake jani la tulsi, mumea wao mutakatifu, pazia inafungwa, Mungu anakula wa kwanza. Pazia ikifunguliwa, kile alichobakisha ndicho tunakula sisi wote, tajiri na muosha sufuria. Mu jiko, hata kulamba mvuke wa mwiko ni kosa. Sasa muniambie, mupishi gani wa Lubumbashi hapimi mboga mu kiganja? Mama zetu wanaonja mpaka sufuria inafika ku meza nusu.

Mwaka wangu wa tatu Maharaj alinipa mwiko kwa mara ya kwanza, nikoroge dengu wakati yeye anaenda kusali. Nilikoroga. Nilikuwa na furaha mpaka nikapiga muluzi. Na mukono wangu, bila kuniuliza, ukatoa matone mawili, ukayaweka mu kiganja, ukayaleta ku ulimi. Nikasema hata kwa sauti: «Inapunguka chumvi.» Nikageuka. Ba alikuwa amesimama ku mulango.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

— Kabamba, ile sufuria ilikuwa ya nani?

— Ya Mungu wenu, Ba.

— Sasa ni ya nani?

Nikaweka mwiko chini. Sufuria yote ilipelekwa kwa walinzi na kwa wachimbaji wa mutaro wa ng'ambo, ambao walimushukuru Mungu bila kuuliza ni yupi. Jiko lilisafishwa, moto ukawashwa upya, chakula cha hekalu kikachelewa masaa mawili. Nilikunja shati yangu niende. Ba akaniita.

— Unaenda wapi?

— Nyumbani, Ba. Nimefukuzwa.

— Nani alikufukuza? Kaa hapa. Ku nyumba yenu, nani alikuwa anakula wa kwanza?

Ndipo Kambo alinirudia mu kichwa, na mwiko wake wa moto. Nilimuelezea Ba yote: tonge, kijumba cha majani, pemba ku paji. Aliponiuliza ile pemba inapakwa wapi nikamuonyesha na kidole, na kidole kikaanguka pale pale yeye mwenyewe anapopakaga alama yake kila asubuhi. Ba akacheka mpaka akakaa chini.

— Kumbe ulifundishwa toka utoto! Mimi nilizani ninafundisha mujinga, kumbe ninafundisha musahaulifu. Hiyo ni mubaya zaidi.

Toka ile siku alinifundisha chumvi. Mambo mengine yote mutayakuta kwa wengine, lakini hili mulishike. Chumvi haipimwe na kijiko, inapimwa na mukono, na mukono lazima uwe mukavu. Ba alinisimamisha miezi sita mbele ya sufuria, macho yamefungwa, niseme kama dengu ina chumvi ao hapana, kwa pua tu. Dengu bila chumvi inanuka udongo wa mvua; ikipata chumvi, ule udongo unaondoka. Povu pia linasema: bila chumvi ni kubwa na linapasuka ovyo, na chumvi linakuwa dogo, linakaa. Viazi vinaiba chumvi, muvipe mapema. Bamia muipe mwisho, ukiharakisha inatoa kamasi. Zile mbegu za jira, mukizitupa mu mafuta zinalia. Zikinyamaza, mboga iingie mara moja, ukingoja zimeungua. Kitu kimoja tu hakina sauti wala harufu ya kuaminika: boga. Boga linatoa maji yake lenyewe, na utamu wake unafunika yote. Pua inakosea, jicho linakosea. Ku boga lazima ukumbuke ulichofanya. Basi.

Niliendelea vile miaka, Maharaj akipika, mimi nikiwa mukono wake wa pili. Upande wa Kamalondo mambo hayakuwa laini. Mukubwa wa shirika letu, kile kikundi cha sala cha mutaa, alikuwa Papa Banza, mutu wa reli aliyepiga firimbi ku gare ya treni maisha yake yote, na ku sala pia aliongea sawa firimbi. Alinishika mara moja baada ya misa:

— Kabamba, mutu anakula chakula ya sanamu, kisha anakamata komunyo na ile ile mulomo?

— Papa Banza, mulomo niko nayo moja tu.

Watu walicheka, yeye hakucheka. Na niseme wazi, mu huu muji kuna Wakongomani wenzetu walioingia kweli mu dini ile, wanaimba majina ya Mungu wao na ngoma ndogo, wameacha nyama kwa moyo wao. Niliwapikia, niliwaheshimu. Mimi sikuwa mumoja wao. Siku ya Mungu, Jumapili, nilikula kuku wa Ngoie na mifupa.

Sasa nifike ku siku yenyewe. Munajua, kila mwaka baada ya sikukuu yao ya taa kuna siku ya mulima wa chakula: namna hamusini na sita za chakula zinapangwa mbele ya Mungu, na Wahindi wa muji muzima wanakuja. Nilikuwa mu mwaka wa kumi na moja. Siku ine mbele ya sikukuu, Maharaj aliteleza mu bafu, akavunja mukono wa kuume. Mupishi mwengine wa ukoo wake alikuwa Lusaka, na Lusaka wako na sikukuu yao.

Komite ilikutana mu sali, chumba kikubwa cha hekalu, na waliniita. Mukubwa wa komite alikuwa Bwana Ramnik, muuza misumari na mabati, mutu wa kupima maneno sawa anavyopima misumari.

— Kabamba, Ba anasema unajua chakula yote. Mimi ninakubali. Lakini ile chakula ni ya Mungu. Mupishi mwenye hamuamini, mulango ikifungwa ataonja. Nani atajua?

— Mimi nitajua, Bwana.

— Haitoshe. Ingia tu kwetu. Maharaj anakupa jina, anakupaka alama, ni kazi ya saa moja. Kisha hakuna mutu atasema kitu.

— Bwana Ramnik, jina niko nayo. Mama alinipa moja, Padri akaongeza moja. Ya tatu nitaiweka wapi?

Wengine walicheka ndani ya mukono. Ba akapiga fimbo yake chini.

— Mwenye kujua kupika dengu ya watu mia tatu ainue mukono.

Hakuna mukono.

— Vizuri. Moto nitawasha mimi. Jani la tulsi Maharaj ataweka na ule mukono mwengine, Mungu ataona bandeji. Katikati ya moto na jani ni kazi, na ile kazi ni ya Kabamba.

— Na akionja, Ba?

— Akionja, mimi ndiye nimekosa. Nitatoka mu jiko pamoja naye, na hamutaniona tena pale.

Ba alikuwa na miaka makumi munane. Nje ya lile jiko hakuwa na kitu kingine duniani.

Na nyumbani nilikuta Papa Banza amekaa ku kiti changu. Habari ilishafika Kamalondo, sijui na mbawa gani. Siku ya Mungu iliyofuata, binti yangu Beatrice alikuwa apokee komunyo ya kwanza, na baba anasindikiza mutoto mbele. Ngoie alikuwa anashona kanzu nyeupe pale pale, kichwa chini.

— Kuosha sufuria, nilinyamaza, akasema Papa Banza. Lakini kumupikia sanamu na mikono yako? Ukifanya vile, nitasema kwa Padri, na mutoto atasindikizwa na mujomba wake.

— Papa Banza, ulishaona vile tunapika?

— Sina lazima ya kuona.

— Kuya uone basi. Kisha useme kwa Padri kitu umeona.

Alivaa kofia yake, akaenda bila kuaga. Ngoie akakata uzi na meno, akaniangalia.

— Utapika?

— Nitapika.

— Basi pika vizuri, juu nimechoka kusikia harufu ya ile hing bure.

Siku ya mulima wa chakula umeme ulikatika saa kumi na mbili ya asubuhi, sawa vile umeme wetu unavyopenda sikukuu. Nikapanga mbabula, yale majiko ya makala, kumi na moja mu uwanja wa nyuma, Ba akawasha ya kwanza, na toka pale nikawasha zingine. Namna hamusini na sita! Vitamu tulivimaliza jana yake. Nilibaki na wali, dengu, mboga, mikate ya kukaanga, nikitembea toka moto mumoja mpaka mwengine sawa mutu anayefukuza kuku. Ba alikaa ku kiti cha plastiki na shanga zake za sala, na kufika saa ine alikuwa anasinzia. Wasaidizi nilikuwa nimewatuma kupanga sahani mbele. Pazia ilipaswa kufungwa saa sita kamili.

Mukono wangu ulikuwa mu kopo la chumvi, mbele ya sufuria ya boga, niliposikia:

— Hodi hapa.

Papa Banza. Na kofia, na koti, na viatu vya reli vinavyong'aa. Alisimama inje ya kizingiti, juu niliinua kidole kwa viatu vyake.

— Nimekuya kuona, akasema.

— Ona.

— Sanamu iko wapi?

— Iko mbele, inangoja chakula. Hapa ni sufuria tu.

— Na huyu mama?

— Ni mukubwa wangu. Sema polepole.

Tulibishana kidogo, sikumbuki yote. Aliuliza kama ile moshi ni ya kuloga, nikamuambia ni ya makala ya Kasenga. Alipomaliza niligeuka ku sufuria, nikaangalia mukono wangu. Ulikuwa mutupu na safi. Boga linachemka. Nikajiuliza: nimeweka, ao sijaweka?

Nilinusa. Utamu tu. Niliangalia povu. Maji ya boga tu. Niliangalia kopo la chumvi, lakini toka asubuhi nilishachota mara makumi mangapi? Jasho likaanza kunitoka ku mugongo. Boga halisemi, niliwaambia.

Papa Banza ni mutu wa macho. Aliona.

— Nini?

— Sijui kama nimeweka chumvi.

— Ni ile tu? Onja.

— Haionjwe.

— Onja, Kabamba! Mama analala. Batoto ya kazi habako hapa. Nani anakuona?

— Weye unaniona.

— Mimi nitasema kwa nani? Mimi si wa kwao. Hata weye si wa kwao! Ile si Mungu yako, ao ni yako?

Nawaambia kweli, mwiko ulikuwa mu mukono. Tone moja. Ningejua, ningetengeneza, na ile siku ingepita safi. Niliangalia Ba, kichwa chake kimeanguka ku bega, shanga mu vidole. Nikasikia mukono wangu unawaka sawa siku ile Kambo alinipiga na mwiko.

— Papa Banza, nikasema, siku ya Mungu, mbele ya komunyo, unakunywaka chai?

— Mimi? Hata maji! Toka utoto.

— Na asubui, mu nyumba yako, mulango imefungwa, nani anakuchunga?

Aliangalia ile sufuria sawa mutu anayeangalia treni iliyochelewa. Kisha akatoa kofia, akaiweka chini ya kwapa.

— Sasa utafanya nini?

— Nitaamua.

— Na kama ulishaweka?

— Basi watakunywa maji.

Nikatia mukono mu kopo, nikaweka chumvi. Papa Banza akabaki pale mpaka sufuria ya mwisho ikatoka, kofia mu kwapa, bila neno. Kwa yeye, ile ilikuwa muujiza peke yake.

Saa sita Maharaj aliweka majani ya tulsi na mukono wa kushoto, akimuomba Mungu wake musamaha, pazia ikafungwa, kengele ikalia. Mimi nilisimama mu jiko nikiangalia miguu yangu. Kisha pazia ikafunguliwa na watu wakagawiwa. Bwana Ramnik alikamata sahani ya kwanza, akaonja dengu, akatikisa kichwa vizuri. Akaonja viazi, vizuri. Akatia boga mu kinywa.

Niliona uso wake ukisimama. Akatafuna. Akameza kwa nguvu sawa mutu anayemeza dawa, akakamata glasi ya maji, akaimaliza. Akaomba ingine. Sali yote ikaanza kutafuta maji. Nikasema mu moyo: Kabamba, umemaliza Ba.

Ba alileta sahani yake mwenyewe, akaonja boga na vidole viwili, polepole, mbele ya komite yote.

— Hii imewekwa chumvi mara mbili, akasema.

Kisha ule mama akaanza kucheka, na meno yake mane yaliyobaki.

— Ramnik! Ulisema ataonja. Mupishi mwenye ameonja, anaweza kuleta kitu sawa hii mbele ya Mungu? Na mbele yako?

Bwana Ramnik alimaliza glasi ya pili. Aliangalia boga, akaangalia mimi ku mulango wa jiko, na jasho langu, na aproni yangu. Alicheka kwanza na mabega, kisha na tumbo.

— Kabamba, boga imekutetea. Nani aliweza kuwaza vile?

Namna hamusini na tano zilikuwa sawa, na hakuna aliyezikumbuka. Toka ule mwaka, mulima wa chakula ulikuwa wangu, na hakuna mutu wa komite aliyeongea tena juu ya jina la tatu. Maharaj alipopona aliniambia neno la pili: «Karibu.»

Siku ya Mungu, nilisimama mu musitari na Beatrice, kanzu yake nyeupe, mukono wake mu mukono wangu. Papa Banza alikuja mbio upande wetu. Nilijikaza. Yeye akavuta koti ya mutu mumoja aliyeziba njia, akatufungulia nafasi, kisha akaniinamia ku sikio:

— Ile boga?

— Mara mbili.

Alicheka kwa nguvu mpaka Padri akaangalia juu ya miwani. Shirika lote lilijua mbele ya saa sita, juu Papa Banza alielezea mwenyewe ku uwanja wa kanisa, na mu maelezo yake ni yeye aliyenikataza nisionje. Nilimuachia.

Ba alikufa miaka sita baadaye, mu usingizi. Asubuhi yake ya mwisho bado alininusa. Waliniomba nibebe kuni za moto wa kumuchoma, sawa desturi yao, pamoja na wana wa ukoo, nikabeba. Kisha nikaenda kumuombea misa ku parokia, na Padri aliponiuliza jina la marehemu nikamuambia: «Andika Mama.» Ulizo lenu nimelijibu. Mwenye hajaona jibu, arudie kusoma mahali pa boga.

Ninyi munaobaki, mikono ikae mikavu, na mutu akipiga hodi wakati muko ku chumvi, mumalize kwanza ndipo museme karibu.

Leo niko na hivi. Nyumba ya vyumba vitatu mu Kamalondo, mabati mapya upande mumoja. Kiwanja kidogo Bel-Air, matofali yamepangwa, majani yamepita matofali. Friji inayofanya kazi umeme ukiwepo. Baisikeli moja. Mbabula mbili. Suti nyeusi moja. Rozari ya Kambo. Sufuria ya shaba ya Ba, imeungua chini, ni kosa yangu. Kopo la viungo la vikombe saba, kimoja kimepotea. Watoto watano wanaojitegemea. Muke mumoja, Ngoie, ambaye nikimupikia ananipigia kelele «onja basi, uko kwako!», na mimi naweka tonge ndogo pembeni ya sahani kwanza, kisha ndipo tunakula. Na boga moja kubwa ku dirisha, ambalo Bwana Ramnik, muzee sasa na fimbo, aliniletea siku ya kuniaga. Alilileta pamoja na chupa ya maji.